Dada Ametutoka

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Natumaini hamjambo hapo nyumbani, na kwamba mama bado anagombana na redio yake. Mimi mzima. Kazi ni ileile, juu na chini. Wiki hii lifti ya jengo letu imekuwa ikikwama katikati ya ghorofa, na kila ikikwama wanapiga kelele "yuko wapi yule wa lifti". Jina langu nadhani limeandikwa kwenye mshahara tu.

Najua tuliachana vibaya. Nilikosea kuifuta bila kukuuliza ile kutu uliyoichora kwenye kituo chetu, na ulisema nisikutafute, nami nimejitahidi. Lakini siwezi kukaa kimya milele kana kwamba hatukunyonya ziwa moja.

Nina shida ndogo. Kile kituo chetu cha anga, kile tulichokijenga kwa ajili ya simuleta, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga, nilikiweka kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni kama nyongeza, mtu yeyote anapakua bure, anakiingiza kwenye simuleta yake na kukirusha. Watu wamekipenda mno. Kila siku wanaleta skrinshoti: kituo kikipita juu ya mawingu, kituo jua likichomoza nyuma yake, kituo kimeunganishwa na vyombo vyao wenyewe. Sasa kimeingia kwenye kura ya nyongeza bora ya mwaka. Tatizo wanalalamikia mistari myeupe pembeni mwa kila paneli, kama nyuzi zimechomoza. Nimehangaika nayo nimeshindwa. Ile ngozi uliyoipaka rangi, ile picha inayofunika paneli, unayo faili yake ya mwanzo? Ile kubwa, kabla sijaipunguza. Nitumie tu, nitamalizia mwenyewe.

Msalimie mama. Mwambie nitapiga simu.

Kaka yako


6 Februari

Kaka,

Shikamoo sikupi. Marehemu hawaamkii watu.

Umeshtuka? Na mimi nilishtuka. Wiki iliyopita nilijiunga na jukwaa lenu. Miaka yote nilikuwa napitishia kazi zangu kwako, wewe ndiye uliyekuwa unaweka picha na kuniletea sifa nyumbani kama mtu anayeleta mabaki ya harusi. Safari hii nikasema naingia mwenyewe. Nikajiita Pindo ili usinijue. Nina chombo changu, kidogo, cha kubebea mizigo, nimekijenga chote, mpaka mambo ya uzito nimejifunza. Nikaweka skrinshoti zake.

Sikumaliza hata chai. Msimamizi wenu, huyo mnayemwita Nahodha, akaniandikia mbele ya watu wote: "Ndugu, huo mshono wa zigizaga kando ya mlango ni alama ya marehemu fundi wetu. Huoni aibu kumwibia mtu aliyelala kaburini?" Nikauliza, marehemu gani? Wakanitumia kiungo.

Nikakaa nikasoma rambirambi zangu, ukurasa baada ya ukurasa. Kuna aliyesema nilikuwa mpole. Hajawahi kuniona. Mwingine anasema alihisi nitakufa, kwa sababu rangi zangu za mwisho zilikuwa na huzuni. Ile ni kutu, Kaka, nilinakili bati la choo chetu. Kuna aliyepiga picha ya kituo kikiingia kwenye kivuli cha dunia akaandika "Kwaheri fundi". Imependwa sana. Hata mimi ningeipenda kama nisingekuwa mimi.

Na wewe chini ya kila mmoja: "Asante ndugu. Mungu ndiye anayejua."

Basi ni hivi. Nahodha amesema Jumapili wanafuta chombo changu na kunifungia mlango nisiingie tena, kwa kosa la kumwibia marehemu. Kabla ya Jumapili waambie niko hai. Sikuombi insha. Sentensi moja inatosha.

Kuhusu mistari yako myeupe: umekata nafasi ya mshono. Ngozi ya chombo ni kama shati lililofumuliwa likatandazwa mezani. Rangi lazima ivuke mstari kidogo, kama kitambaa kinavyozidi pale unaposhona, la sivyo ukikutanisha pande mbili weupe unachungulia. Uliona rangi imezidi, ukadhani ni uzembe wangu, ukaipunguza faili iwe nyepesi. Ya mwanzo ninayo. Hupati.

Marehemu dada yako


7 Februari

Mdogo wangu,

Salamu, na pole. Sijui kama pole ndiyo neno.

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mota, juu kabisa ya jengo. Nilikaa juu ya ndoo ya grisi mpaka bawabu akapiga simu kuuliza kama nimelala huko.

Haikuwa hivyo unavyodhani. Tulipogombana watu jukwaani wakaanza kuuliza, fundi wa ngozi yuko wapi? Nikaandika haraka, niko kazini, bisibisi mkono mmoja na simu mkono mwingine: "Dada ametutoka. Ngozi nitafanya mwenyewe." Nilimaanisha umetoka, umeacha, umetuachia kazi. Basi. Nilipofungua simu baadaye nikakuta pole zimejaa. Neno lina maana mbili, wewe mwenyewe unajua. Nilitaka kusahihisha, wallahi, lakini walikuwa wameshaanza kunisimulia misiba yao. Mmoja alikuwa ametoka kumzika mama yake. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ulikosea neno? Nikasema kesho. Kesho nayo ikaja na pole zake.

Sasa nakuomba kitu kimoja na usikasirike. Kura inafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nikisema leo watakiondoa kituo, na hicho ni kituo chako pia. Tuache kura ipite, kisha nitawaeleza taratibu, kistaarabu. Chombo chako wakikifuta watakirudisha tu, faili si unayo? Kwangu mimi hiki ni kitu. Hujui maana ya kukaa kwenye jengo lenye mamia ya watu na hakuna anayejua kama umekuja kazini au hukuja.

Kaka yako


8 Februari

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa nasikia vinginevyo.

Kwa hiyo nibaki kaburini mpaka mwisho wa mwezi ujao, kistaarabu. Sawa. Nikitoka nije na sanda au nivae kawaida?

"Kituo chako pia." Jina langu liko wapi? Nimetafuta. Pale pa maelezo pameandikwa "Kimejengwa na", halafu wewe. Halafu chini, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: "kwa kumbukumbu ya dada". Sikukijenga. Nimekumbukwa tu.

Na usinifundishe maana mbili. Mtu akikwambia "baba ametutoka", wewe unamuuliza ametoka kaenda wapi, atarudi na mkate? Unakaribia hamsini, umeongea lugha hii tangu ulipoota jino la kwanza. Neno hilo hakuna anayelitumia kwa mtu aliyeacha kazi. Bosi wako alipoacha kazi mwaka juzi ulisema ametutoka?

Nimewaandikia mwenyewe kwamba ni mimi, niko hai, nauliza wanataka ushahidi gani. Nahodha kanijibu kwa picha ya mshumaa.

Jumapili ni Jumapili. Naangalia.

Mdogo wako, kwa sasa


21 Februari

Kaka,

Sikuulizi hali.

Jumapili ilipita, hukusema kitu. Chombo changu kilifutwa na mimi nikafungiwa. Nikajiambia basi, ni mambo ya kompyuta, nina sare za shule zimejaa mpaka kitandani, acha anizike akitaka. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, ujue. Ungekuwa umepona.

Jana nilikwenda kununua uzi na zipu. Mama nilimwacha na simu, amekaa pale dirishani anachambua vifungo. Akapiga Nahodha wako. Kumbe ulimpa namba ya mama.

Masikio ya mama unayajua. Akaweka sauti ya nje, mtaa mzima ukasikia mwanamume mwenye sauti nzuri anasema: "Pole sana mama kwa kumpoteza binti yako. Alikuwa na mikono ya ajabu." Mama hakuuliza wewe nani. Aliuliza: "Wapi? Barabara gani?" Alidhani ni mtu ameokota simu yangu pembeni mwa gari. Yule akadhani ni uzee. Akamwambia taratibu, kama unavyoongea na mtoto: "Yuko mahali pazuri sasa, mama. Pumzika." Akakata.

Niliporudi nilikuta viti vimeshatolewa nje. Jirani wa mbele amemshika mama mabega, mwingine anatafuta namba yako. Mimi nimesimama getini na mfuko wa uzi. Nikauliza, nani amekufa? Wote wakanigeukia. Mama akanyanyuka, akaja, akanizaba kofi ambalo sijawahi kupigwa tangu nizaliwe. Halafu akanishika nguo hapa kifuani kwa mikono miwili, akaanza kuninusa shingoni. Watu wazima wamesimama wanatazama, hawajui warudishe viti au wakae.

Leo nimetaka kurudisha zipu, zilikuwa fupi. Amevaa viatu akanifuata mpaka dukani. Nikiingia chooni anasimama nje ananiita, na nisipoitika haraka anasukuma mlango. Nikijilaza mchana kidogo, anakuja kunishika mguu kama una joto.

Nataka kujua jambo moja tu. Namba ya mama ulimpa ya nini?

Binti wa mama yako


22 Februari

Mdogo wangu,

Nimempigia mama, hapokei. Najua kwa nini, sitasumbua.

Namba. Nahodha alikazana. Alisema marubani wote wa jukwaa wamekubaliana lazima mmoja ampe mama pole kwa sauti, si kwa maandishi. Nikasema mama anaumwa. Akasema ndiyo maana. Nikasema hana simu. Akasema hata ya jirani. Nikaona nikizidi kukataa atashuku kitu, nikampa, nikajiambia mama hapokei namba asizozijua. Ya kwangu ndiyo hapokei. Ya kwake alipokea.

Nimewaambia leo. Asubuhi, kabla sijaiwasha lifti, nimeandika hivi, nakunakilia kama ilivyo:

"Ndugu zangu, dada yangu hajafa. Yuko hai na anashona. Nilipoandika ametutoka nilimaanisha ameacha kazi, nanyi mkaelewa vingine, nikaona aibu kuwasahihisha. Pindo ndiye yeye. Mrudishieni chombo chake. Samahanini."

Unajua wamejibu nini? Hawakuamini. Wa kwanza kasema: "Ndugu, na mimi baba alipofariki nilikuwa namsikia anakohoa chumbani kwake. Inapita." Wa pili: "Huyo Pindo kakuchezea akili, mtu mwenye msiba ni rahisi kumlaghai." Nahodha akaifunga mada nisiendelee kujiumiza, na kanipa likizo ya wiki mbili nipumzike na familia. Wameniwekea mishumaa mingine. Na kituo ndicho kinaongoza kura.

Sijui nifanye nini. Tuma picha, ukiwa na mama. Wakikuona watakubali.

Kaka yako


24 Februari

Kaka,

Barua nimeipata. Nimecheka. Ni mara ya kwanza tangu ile simu, na nimecheka vibaya, sindano ikaniingia kidoleni.

Picha sipigi. Nisimame na gazeti la leo kifuani kama mateka? Kuonyesha kwamba napumua siyo kazi yangu. Mimi sikujiua, uliniua wewe, basi nifufue wewe mwenyewe.

Hiyo taarifa yako nimeisoma na kurudia. Hata mimi ningekuwa wao nisingekuamini. Mtu aliyemo humo ndani ni mwema mno. Alikosea neno, masikini, akaona aibu. "Nanyi mkaelewa vingine." Hata pale unapoungama umepata nafasi ya kuwapa wao kosa. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwacha dada yake azikwe kwa ajili ya kura, kwa hiyo wamejiuliza: huyu mwema amegeuka mbaya, au huyu mwema amechanganyikiwa? Wakachagua lenye huruma. Wamekufanyia kama wewe ungetaka wakufanyie.

Waonyeshe yule mwingine. Na kabla hujawaonyesha wao nionyeshe mimi. Ulinibeba mgongoni, ulinifunga kamba za viatu, ulinifundisha kuwasha kompyuta, na huyo mtu bado simjui. Mpaka uwe naye mkononi, usiniandikie.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mama amepunguza kukufuata, na zipu za saizi ulizipata. Mimi mwili haujambo.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Maneno nilikuwa nayo, tatizo nilikuwa nayachagua. Sasa naandika kama yanavyokuja, usome hivyohivyo.

Neno halikuniponyoka. Kwanza niliandika "Dada ametoka". Nikaliangalia. Lilikuwa sawa, lingeeleweka, mtu angeuliza katoka kaenda wapi, nami ningesema tumegombana. Nikarudisha kidole nyuma, nikaingiza "tu" katikati. Ametutoka. Nikaliangalia tena, nikajua linasema nini. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha tangi la maji juu ya jengo, sina haraka yoyote, bisibisi iko mfukoni. Hata kuhusu bisibisi nilikudanganya.

Kwa nini. Siku moja kabla, rubani mmoja alikuwa ameniandikia: "Chombo chako kinaruka vizuri, ila bila yule dada kiko uchi. Anarudi lini?" Hakuwa na ubaya. Lakini mimi ndiye niliyekaa miaka nikipanga uzito, mafuta, injini zisisukume upande mmoja, kituo kisijizungushe kama pia ya mtoto. Chombo kikija kikaungana na kituo bila kutikisika, hiyo ni mimi. Na hakuna mtu duniani anayepiga skrinshoti ya uzito. Wanapiga ya rangi. Kila picha waliyoileta ilikuwa yako, ile kutu, ule mshono kando ya mlango. Mimi nimo ndani yake kama nilivyo ndani ya lifti: ikienda vizuri sipo, ikikwama ndiyo nakuwepo. Ndiyo maana niliifuta kutu yako. Nilikwambia inachafua. Haikuwa inachafua, ilikuwa inapendwa.

Nikafikiri, wakijua tumegombana watakutafuta. Watakubembeleza urudi, utajenga na mwingine, na unaweza. Lakini mtu aliyekufa habembelezwi. Kila alichofanya kinabaki mikononi mwa ndugu yake, na ndugu yake anaheshimiwa. Hayo yote niliyafikiri kwa utulivu, mpaka mwisho, kisha nikabonyeza. Huyo ndiye mtu uliyetaka kumwona.

Kuna zaidi. Zile pole nilizipenda. Tangu wifi yako alipoondoka hakuna mtu aliyeniuliza "umekula leo?" Ghafla watu nisiowajua, wengine wako mbali huko siwezi hata kutamka mji wao, wananiuliza umekula, umelala, jitunze. Nilikuwa nafungua simu kila mapumziko kuangalia nani kanililia. Kuna siku na mimi nililia kweli kwa ajili yako, machozi kabisa, nimekaa kwenye ngazi. Wewe uko hai unashona sare, mimi nakulilia, na nikajisikia vizuri.

Ile Jumapili nilishinda na simu mkononi. Niliwaona wanavyokifuta chombo chako. Kabla hawajakifuta nilikitazama. Ni kizuri. Uzito umeuweza, mbele ni kizito kidogo lakini umeuweza. Nilikuwa naweza kuwazuia kwa mstari mmoja. Badala yake nikaingia kwenye ukurasa wa kura, nikakipigia kituo.

Na ile barua yangu ya kwanza, iliyojaa salamu: sikumaanisha hata moja. Nilitaka faili.

Haya uliyosoma nimeyaweka jukwaani, yote, siku ya kwanza ya kufunguliwa baada ya ile likizo, sijapunguza neno. Nimeweka na jina langu la kweli, na jengo ninalofanyia kazi, anayetaka kuja kunitukana ana kwa ana anione. Msamaha siombi humu ndani, maana nikiomba nitakuwa tena nakuandikia kwa sababu nataka kitu. Ila siwezi kusema sitaki.

Kaka yako, kama bado


30 Machi

Kaka,

Hujambo? Mama hajambo. Mimi sijambo, na safari hii hakuna anayebisha.

Wameamini. Hujawahi kuandika kitu kikaaminiwa haraka namna ile. Matusi sijui uliyaona mangapi kabla hawajakutoa nje. Mengine yana ufundi, kuna jamaa kakuita fundi wa lifti ya kushusha watu tu. Nilicheka, na sioni aibu kukwambia nimecheka.

Nimefunguliwa, chombo changu kimerudi. Kituo kimetolewa kwenye kura, kisha kikawekwa upya, jina langu juu na lako chini yake. Nahodha alitaka kulifuta lako. Nilikataa. Usiichukulie kama hisani. Kinatulia kwa sababu yako, na mimi siweki lebo ya uongo kwenye nguo. Mistari myeupe nimeiondoa, na kutu nimeirudisha.

Nahodha alimpigia mama kuomba radhi. Mama akaweka sauti ya nje, makusudi, mlango wazi. Akamwacha mtu wa watu akajieleza mpaka akaishiwa, halafu akamwambia: "Mwanangu, siku nyingine ukisikia mtu amekufa, ulizia kwanza nani kasema." Akakata yeye. Jioni akaenda kwa jirani peke yake, mimi akaniacha. Ni mara ya kwanza tangu siku ile.

Barua yako nilimsomea. Yote, na hapo pa kulia kwenye ngazi nilisoma taratibu, sikutaka kukusitiri. Alikuwa anakunja sare. Nilipomaliza akakunja mbili tatu, halafu akaniuliza: "Kwa hiyo siku hizi anakula nini?" Nikamwambia, mama, katika yote hayo umesikia hilo tu? Akachukua sare nyingine. Mimi sikuulizi unakula nini.

Kuna jambo la mwisho. Jukwaa limesema uamuzi ni wangu, wakufungulie baada ya muda au wakufunge moja kwa moja. Nimekaa nalo wiki nzima. Nikasema nikimfungulia atarudi, ataacha maneno mazuri chini ya skrinshoti zangu, nami nitajibu "asante kaka" mbele za watu, watu watashangilia, na itaonekana yamekwisha. Hayajakwisha. Bado nikisikia simu ya mama inaita naacha kushona naikimbilia. Nimewaambia wakufunge moja kwa moja.

Nimeanza chombo kipya, kikubwa kuliko kituo. Ngozi nimeikata, bado kupaka. Kikiwashwa kinazunguka chenyewe na sijajua kwa nini. Picha zake nitaweka jukwaani, wewe hutaziona. Ukitaka kukiona itabidi upande basi uje ukitazame hapa sebuleni, umesimama, maana kiti nakalia mimi.

Dada yako